Nani Alaumiwe Tamarack

Tamarack, Michigan
14 Septemba 1986

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na hilo goti lako, na kwamba mvua za Agosti hazikukubomolea tena kibaraza. Sisi hatujambo. Corinne amebadilishiwa zamu hospitalini, sasa anafanya mchana, kwa hiyo jioni tunakaa mezani watatu kama watu wengine. Nadine amepoteza meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele ya wageni. Jumapili Corinne alijaribu kupika mchuzi wetu wa gumbo kwa soseji za huku. Nisiseme zaidi, maana huwa anazisoma barua zangu kabla sijazifunga.

Kazini ni salama. Kocha mkuu, Haugen, ameniachia mashambulizi yote ya timu ya chuo mwaka huu tena, kama mwaka jana, na nimempa nafasi ya mrushaji, aongoze kila shambulizi, kijana mweusi mwenzetu wa Detroit anayeitwa Rayford Tolliver, miaka ishirini, jezi namba kumi na mbili. Ana mkono, Mama Mkubwa! Mpira ukimtoka unausikia unavyokata hewa. Bado anazoea daftari langu la mbinu, lakini msimu ni mrefu na muda upo.

Kuna baridi kidogo asubuhi. Wasalimie wote wa parokiani.

Mwanao,
Lionel


Saint-Luc, Louisiana
25 Septemba 1986

Mwanangu Lionel,

Marahaba. Goti ni lile lile, kibaraza ni kile kile, na mimi ni yule yule, kwa hiyo usinifanye mjinga. Nimehesabu mistari kumi na mmoja inayohusu gumbo na meno ya mtoto, na sikuona hata mmoja unaosema mlifungwa ngapi.

Kinyozi Leopold ananiwekea magazeti ya michezo kila Jumatatu. Thelathini na moja kwa sita. Ishirini na saba kwa kumi. Na Jumamosi iliyopita tena. Huyo kijana wako mwenye mkono wa kukata hewa amewarushia wapinzani mipira saba katika mechi tatu. Mimi nilifua jezi za marehemu Baba yako Mkubwa Alcide na vijana aliowafundisha kwa miaka kumi na tisa. Nilijua nani kacheza vizuri na nani kalala uwanjani kwa kuangalia matope tu. Kwa hiyo ukiniandikia, niandikie kama unamwandikia mtu anayeujua huu mpira wa kubeba mikononi.

Pole kwa Nadine. Mwambie bibi yake huyu alikaa bila meno ya mbele mwaka mzima na bado aliolewa.

Wanazo kanda za video za mechi zenu? Nitumie moja. Padri Melançon amenunuliwa mashine na waumini ili atuonyeshe maisha ya watakatifu. Watakatifu watasubiri.

Wako,
Eulalie


Tamarack
9 Oktoba 1986

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Wote wazima, ila Nadine ana mafua.

Basi nitasema. Tumecheza mechi tano, tumeshinda moja. Jumamosi walimzomea Tolliver tangu anatoka chumba cha kuvalia, kisha wakageuka wakaangalia juu, kwenye kile kibanda cha vioo ninakokaa mimi, wakaanza kuliimba jina langu. Si kwa wema. Kuna jamaa ameandika bango kubwa, FUSELIER RUDI KWENU, na amelishona vizuri kabisa pembeni kwa uzi wa kijani. Nadine aliulizwa shuleni kama ni kweli baba yake anafukuzwa. Akajibu kwamba baba yake hafukuzwi, yeye ndiye anayefukuzaga wengine. Sijui kalitoa wapi.

Kinachoniuma ni redio. Kila jioni wanapiga simu. "Huyo Tolliver ana miguu, hana kichwa." "Mtoeni hapo, mpelekeni pembeni akadake mipira, huko hakuhitaji kufikiri." Wanasema kama vile wanazungumzia farasi. Kijana huyu ana alama za juu kuliko wenzake wote katika somo la hesabu. Daftari langu lina kurasa mia na arobaini, na anaweza kukusomea bila kulifungua. Nikimweka ubaoni anajibu kila kitu. Nikimweka uwanjani, anaharakisha, na mpira unakwenda kwa adui. Nimerudia kuangalia kanda hadi macho yanawasha na sioni kosa lake liko wapi.

Nimekutumia kanda za mechi mbili za mwisho. Usimwambie mtu.

Lionel


Saint-Luc
20 Oktoba 1986

Mwanangu,

Marahaba. Mafua ya Nadine mpake mafuta kifuani na umfunge sweta, acha dawa za maji za dukani.

Kanda zimefika. Nimeziangalia mara tatu, mimi, Leopold na Padri. Najua ulisema nisimwambie mtu, lakini mashine ni ya Padri na kiti kizuri ni cha Leopold. Leopold alipiga kelele mpaka Padri akamkumbusha kwamba tuko kwenye nyumba ya kanisa.

Sasa nisikilize. Wewe unaangalia mpira. Mimi nilizoea kuangalia watu wanaochafuka na wasiochafuka. Angalia kando ya uwanja. Kila Tolliver anapokosea, hata kosa dogo, yule kijana mwingine mwenye nywele nyekundu anasimama, anavaa helmeti, anaanza kurusharusha mpira mbele ya umati. Kila mara! Nimehesabu mara kumi na nne. Na wewe, Tolliver anapogeuka akutafute, haupo. Uko juu darini nyuma ya vioo, unaongea na watu kwa waya. Anamwona nani? Anamwona anayetaka kumrithi. Basi mchezo unaofuata anarusha upesi, kabla hawajamtoa. Hana shida ya kichwa. Hata wewe ungekuwa unapika huku mpishi mwingine amesimama mlangoni kakunja mikono, ungeunguza wali.

Shuka chini. Najua makocha wa siku hizi wanapenda kukaa juu waone kila kitu. Baba yako Mkubwa aliona kila kitu akiwa amesimama kwenye matope, na alichukua ubingwa wa jimbo mara tatu.

Na umwambie huyo Haugen amkalishe mwekundu.

Wako,
Eulalie


Tamarack
3 Novemba 1986

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Nilishuka. Nilikwenda kwa Haugen nikamwambia nataka kukaa chini, na kwamba nataka yule mwingine akae benchini bila helmeti mpaka nimwite. Akasema, "Mechi mbili, Fuselier. Baada ya hapo nafanya ninavyotaka."

Mechi ya kwanza Tolliver alirusha mpira ukadakwa na adui dakika ya tatu. Akaja kando akiwa kainamisha kichwa, akaangalia benchi. Mwenzake amekaa, anakula mbegu za alizeti. Akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Ulikuwa sahihi kumrushia yule. Ulichelewa tu. Mrushie tena."

Akauliza, "Tena?"

"Yule yule, njia ile ile."

Akamrushia, yadi arobaini. Tukashinda kwa pointi kumi na moja. Juzi tumeshinda tena, na uwanjani hakuna aliyezomea, ingawa bango lilikuwepo. Ulikuwa sahihi, na Corinne anasema hii sentensi niipigie mstari ili uitundike ukutani.

Lakini Jumapili Haugen aliniita nyumbani kwake. Wakubwa wa chuo na wale wanaochangia timu wanataka kuelezwa kwa nini tulianza vibaya. Akaniambia bila kuzunguka: "Jibu ni mrushaji, au jibu ni wewe." Anataka kabla ya mechi ya mwisho nisimame mbele ya waandishi niseme kijana ameshindwa kulielewa daftari, na kwamba mwaka ujao tutampeleka pembeni akadake mipira. Nikisema hivyo, kazi yangu ipo. Nisiposema, hajaniahidi kitu.

Mama Mkubwa, kuna jambo sijawahi kukuuliza. Unakumbuka mwaka wa sabini, walipounganisha shule yetu na ile ya wazungu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa mrushaji wa Baba Mkubwa, na nilikuwa sijawahi kufungwa. Siku ya kwanza ya mazoezi kocha mpya alinitoa, akanipeleka pembeni nikadake. Hakuniona hata nikirusha mpira mmoja. Na Baba Mkubwa, ambaye mlituambia amechoka na makaratasi na ameomba mwenyewe awe msaidizi, alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, filimbi shingoni, anaangalia nyasi. Hakusema neno. Si siku ile wala miaka kumi na mmoja iliyofuata.

Nilimpenda kuliko baba aliyenizaa, unajua. Lakini nataka kujua kwa nini alinyamaza. Naona sasa zamu yangu imefika, na sijui niseme kwa mdomo wa nani.

Lionel


Tamarack
18 Novemba 1986

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Wiki mbili hujanijibu. Kama swali langu limekuumiza, nisamehe. Kama ni goti, mwambie Leopold aniandikie hata mistari miwili.

Tulipoteza moja kwa pointi tatu na Jumamosi tukashinda nyingine. Jana ilikuwa siku ya waandishi. Haugen alikaa kushoto kwangu. Mmoja akauliza, "Kocha Fuselier, je, Tolliver ameshindwa na daftari lako?"

Nilikuwa nimeyaandika maneno aliyoyataka Haugen kwenye karatasi. Corinne aliyaona asubuhi, akanifunga tai. Nilipoangalia ile karatasi sikuweza kuisoma. Nikasema, "Tolliver analijua daftari kuliko mimi. Mwanzo mbaya ulikuwa kazi yangu. Nilimwongoza kutoka mbali, na nilikubali atiwe hofu kila alipokosea. Nilipoacha, aliacha kukosea. Ndiye mrushaji wangu Jumamosi, na ningekuwa na uamuzi, angekuwa mrushaji wa mwakani pia."

Haugen aliinuka akatoka kabla hawajazima taa za kamera.

Jumamosi tunacheza na watani wetu, nyumbani. Watu wote wanajua ni mechi yangu ya mwisho. Mwenye duka la nyama kaniambia leo, "Kocha, angalau usifungwe." Kashusha sauti kama tuko msibani.

Niandikie.

Lionel


Saint-Luc
27 Novemba 1986, siku ya Shukrani

Mwanangu Lionel,

Marahaba. Barua yako ya tarehe kumi na nane nimeikuta mlangoni Jumatatu niliporudi safari. Nimengoja bata mzinga aive na wageni waondoke ndipo nikae niandike vizuri.

Usiulize safari gani. Ninakwambia mwenyewe. Swali lako lilipofika, nilianza kulijibu mara nne na kuchana mara nne. Nikaona haya si maneno ya karatasi. Alhamisi iliyopita nikapanda basi, saa thelathini na moja, nimevaa koti la Alcide juu ya koti langu. Nililala kwenye nyumba ya wageni karibu na kituo, na Jumamosi nikanunua tiketi kama mtu mwingine yeyote. Mstari wa ishirini na mbili, nyuma ya timu yenu.

Mungu anisamehe, baridi ile si ya binadamu. Na nani akakaa kando yangu? Mwenye bango. Ni jamaa mnene mwenye kofia ya kijani, na uzi ni kweli kashona vizuri. Akaanza, "Fuselier arudi kwao!"

Nikamuuliza, "Kwao wapi, baba?"

"Popote! Hana akili ya mpira."

"Wewe umewahi kufundisha?"

"Mimi nauza matairi, mama."

"Basi nikija kununua tairi nitakusikiliza."

Waliokaa nyuma walicheka, naye akacheka kidogo. Mapumzikoni aliniona natetemeka akanipa nusu ya blanketi lake na kahawa kutoka kwenye chupa. Akaniuliza, "Una mtu wako hapa?" Nikamwonyesha. "Yule aliyesimama pale, mwenye karatasi mkononi, asiyevaa kofia ingawa nimemwambia maisha yake yote avae. Ni mwanangu. Dada yangu alimzaa akafariki, mimi na mume wangu tukamlea."

Kisha akalikunja lile bango, akalikalia. Akasema, "Samahani, mama. Lakini mpira wake bado siupendi." Nikampenda kwa hilo, hakuniongopea.

Nilimwona kijana wako. Nilimwona akiangushwa mara tatu mfululizo na kuinuka, na kila akiinuka anakutafuta, na wewe upo. Nilimwona akiwapeleka uwanja mzima dakika mbili za mwisho, kidogo kidogo, bila haraka, mpaka akaingiza. Ishirini kwa ishirini na moja. Uwanja wote ukasimama. Teke moja tu ni pointi moja, mnatoka sare; mkiubeba mpira tena mpaka ndani ni mbili, mmeshinda, na kila mtu pale alisema sare ingekuokoa. Muuza matairi akanishika mkono, "Mama, lazima apige teke! Apige teke abaki na kazi yake!"

Nikamwambia, "Hatapiga."

"Unajuaje?"

"Nimemlea."

Na mliporudi uwanjani na Tolliver badala ya mpiga mateke, nilipiga kelele ambayo sijaipiga tangu nina miaka thelathini. Nilimwona akikimbia upande wa kulia, akijirusha. Kiganja kimoja, Lionel. Nilikiona kile kiganja cha nyasi kilichobaki kati ya mpira na mstari.

Watu walitoka kimya. Mimi nilibaki nimesimama nikipiga makofi na glovu, hata hayakutoa sauti. Nikakuona ukienda mpaka pale chini alipolala, ukapiga magoti kwenye nyasi zenye theluji na suruali yako nzuri, ukamshika kichwa kwa mikono yote miwili ukamwambia kitu. Sikuja kwako. Basi langu lilikuwa la saa kumi na mbili, hilo ni kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba nilikuwa nimekuja na mzigo wangu, na nilipokuona vile nikasema leo simuongezei.

Sasa ninautua.

Alcide hakuchoka na makaratasi, wala hakuomba kuwa msaidizi. Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa wakubwa wa shule walimwita ofisini wakamwambia kocha mkuu atakuwa yule kijana wa miaka ishirini na saba ambaye hajawahi kushinda kitu. Akakataa. Wakamwambia sawa, nenda, lakini mpwa wa mkeo atakaa benchini miaka miwili na hakuna chuo kitakachomwona. Akiwa msaidizi na akafunga mdomo, kijana atacheza. Hawakusema atacheza wapi.

Alirudi nyumbani mchana, akakaa garini uani mpaka chakula kikapoa. Nilimfuata nikaketi kando yake. Akasema, "Lalie, nimekubali." Na akanikataza nisikwambie kamwe, maana alisema ukijua utaacha mpira kwa hasira, na mpira ndio utakaokusomesha. Ulikusomesha. Siku ile unayoikumbuka, alipoangalia nyasi, alikuwa amewauliza asubuhi yake kuhusu wewe, wakamwonyesha mlango. Kwa hiyo alisema, mwanangu. Alisema mahali usipoweza kusikia.

Miaka kumi na mmoja alishika filimbi ya mtu mwingine, na hakuna siku niliyomwonea aibu. Nilijivunia alivyomeza. Na Jumamosi nilijivunia wewe ulivyokataa kumeza. Usiniulize nani alifanya vizuri zaidi. Yeye alikuwa na mtoto wa kumlinda, na wewe ulikuwa na mtoto wa kumlinda, na wote wawili mlimlinda.

Vaa kofia.

Wako,
Eulalie


Tamarack
8 Desemba 1986

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Corinne mzima, Nadine mzima, jino moja limeanza kuota.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisomea jikoni nimesimama, kisha nikaenda kukaa garini, na Corinne akanifuata akaketi kando yangu bila kuuliza. Saa thelathini na moja! Na kurudi! Ningekukamata kituoni ningekugombeza mpaka upate joto. Sitaandika zaidi juu ya Baba Mkubwa, kwa sababu kila nikianza karatasi inaharibika. Nitakuja kusema mbele yako na mbele ya kaburi lake.

Kesho yake, Jumatano, Haugen aliniita. Ameajiri kocha mwingine wa mashambulizi. Kisha akasema yeye si mtu mbaya, na anaweza kunibakiza niwe msaidizi wa wakimbiaji, chini ya huyo mpya, mradi nisiwe na maneno na waandishi. Mama Mkubwa, ningeisikia habari hiyo wiki moja kabla, nadhani ningekubali na kujiambia ni busara. Lakini nilikuwa na barua yako mfukoni mwa koti.

Nikamuuliza, "Tolliver je?"

Akasema, "Atadaka. Kila mtu ameshakubali."

"Yeye amekubali?"

Nikamshukuru, nikamwambia atafute mwingine. Nilipomwambia Corinne, nilitaka kueleza sana, akanikatiza: "Mimi ni muuguzi, Lionel. Wagonjwa hawaishi. Tutakula." Akaendelea kukunja nguo.

Sasa sikia hili. Ijumaa ilikuwa siku ya wachezaji kupiga kura ya nahodha wa mwakani. Hii ni yao wenyewe, makocha hawaingii. Vijana sabini na wanane. Yule mwekundu, mrithi, ndiye aliyesimama wa kwanza. Sikuwepo, nimesimuliwa na watatu na wote wamesimulia sawasawa. Alisema, "Mimi nimevaa helmeti mara nyingi mwaka huu nikingoja huyu aanguke. Hakuanguka. Sitaki nafasi yake. Nampa kura yangu." Tolliver amepata kura sitini na saba. Haugen alipokwenda kutangaza majina, akakuta amepewa nahodha, na nahodha kasimama akamwambia mbele ya wote, kwa adabu, "Kocha, mimi ni mrushaji." Na hakuna aliyekaa chini mpaka Haugen aliposema ndiyo.

Tolliver alikuja nyumbani Jumamosi kunipa habari. Kala sahani tatu. Nilimuuliza kama anajutia ile dakika ya mwisho, pale kando ya uwanja nilipotaka kujua anaona nini, naye akasema anaona wapinzani wamechoka upande wa kulia. Akasema, "Ningekuwa na mguu mrefu kidogo tu." Ndiyo majuto yake yote.

Kuhusu mimi: chuo kidogo cha sisi watu weusi kule Mississippi kimenipigia simu. Walisoma nilichowaambia waandishi. Uwanja una jukwaa upande mmoja tu, na basi la timu lina umri mkubwa kuliko wachezaji. Wananitaka niwe kocha mkuu. Nimesema ndiyo kabla hawajamaliza kueleza ubovu. Ni saa tatu kwa gari kutoka kwako.

Mwanao,
Lionel


Saint-Luc
15 Desemba 1986

Mwanangu, Kocha Mkuu,

Marahaba. Corinne na Nadine wapokee salamu zangu kwanza, maana wao ndio watakaopanga masanduku huku wewe ukichora mishale kwenye bahasha.

Barua yako nimeisoma kanisani baada ya misa, yote, kwa sauti, na pale pa kura nilisoma mara mbili. Leopold alilia kisha akasingizia mishumaa. Jumapili jioni nilikwenda makaburini peke yangu nikamsomea Alcide, na nikamwambia kwamba nimevunja ahadi yake na sijutii. Chumba cha mbele nimekipaka rangi. Mtakaa humo mpaka mpate nyumba, na sitaki ubishi.

Tangu habari zienee, watu wa hapa wananisimamisha dukani. Leo mwalimu mmoja, mtu wa heshima na si mbaya, kaniuliza kwa huruma: "Bi Prejean, lakini kweli, si angepiga tu lile teke? Angetoka sare, na leo angekuwa na kazi yake ile kubwa."

Nikaweka kikapu changu chini ili nimjibu vizuri. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nilikuwepo. Mwanangu hakwenda pale kutafuta sare."

Wako,
Eulalie